Aliyeliona Yai, Alile

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili)



Kitendawili! Naamini wengi wenu mmekwisha kujibu, "Tega." Basi nategа: nyumba yangu haina mlango. Jibu mnalijua tangu utoto. Ni yai.

Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba hiyo isiyo na mlango, kwa sababu Pasaka imekaribia, na kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka watoto wetu watakaa nyumbani siku nne mfululizo. Hapa kwetu Songea siku hizo huangukia mwishoni mwa kifuku. Mvua inanyesha bila kuaga, uani kuna tope, na mahindi shambani yameanza kugeuka rangi. Watu wazima wana shughuli zao. Mama anakimbizana na soko na jiko. Baba amekwenda kusalimiana na wenzake, na salamu hizo, kama tujuavyo, mara nyingine huanza saa nne asubuhi na kumalizika usiku. Mtoto yeye huvalishwa nguo mpya, hupelekwa ibadani, hupewa wali na kipande cha kuku, kisha huambiwa, "Haya, nenda kacheze." Akacheze wapi na mvua hii? Basi huketi mbele ya televisheni, au huinamia simu ya shangazi hadi chaji iishe.

Miaka hii ya karibuni kumeingia neno jipya katika mazungumzo ya watoto wa mjini: kutafuta mayai ya Pasaka. Hoteli kubwa za Dar es Salaam huwaalika wazazi walete watoto wao wakatafute mayai bustanini. Ndugu walioko Ulaya na Marekani hututumia picha kwa simu, watoto wameshika vikapu, wanachungulia chini ya maua. Watoto wetu wanaona, na watoto wakiona huuliza. Mtoto mmoja wa jirani zangu aliniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Babu, kumbe sungura anataga?" Nilimjibu kwamba sungura wetu wa hadithi ni mjanja sana, amemlaghai fisi, amemlaghai simba, hata tembo hakusalimika, lakini hata yeye hajathubutu kudai kwamba ametaga yai.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Desturi hii ni kuku mgeni, basi tuifuate kamba yake tuone imefungwa wapi.

Zamani huko Ulaya, Kanisa lilikataza kula mayai wakati wa Kwaresima, kama lilivyokataza nyama. Watu walifunga, lakini kuku hawajui Kwaresima. Waliendelea kutaga siku zote arobaini. Ikifika Pasaka kila nyumba ilikuwa na mayai mengi, na watu walikuwa na hamu nayo. Yakaliwa, yakapakwa rangi, yakawa zawadi. Mwaka 1682 tabibu mmoja Mjerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika juu ya desturi ya sehemu fulani za nchi zao, ambako watoto waliambiwa kwamba sungura ametaga mayai na kuyaficha katika majani na vichaka vya bustani, wao wayatafute. Wajerumani waliohamia Marekani waliichukua desturi hiyo wakaenda nayo, na tangu mwaka 1878 watoto wamekuwa wakialikwa kuviringisha mayai ya Pasaka katika majani ya Ikulu ya nchi hiyo.

Sisi wa Songea si wageni kwa Wajerumani. Wamisionari Wabenediktini wa kutoka Bavaria walifika Peramiho mwaka 1898, na abasia yao iko pale hadi leo, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka mjini. Lakini katika nyumba nyingi za huku, Pasaka tunayoijua ni ile ya ibada ya mkesha, mishumaa, kengele na kuku mezani. Yai la kutafutwa halikuingia katika sikukuu yetu.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, nasema watoto wetu hawana haja ya kufundishwa kutafuta mayai. Wamekuwa wakiyatafuta mwaka mzima, tena bila kikapu wala mwaliko wa hoteli.

Kila mwenye kuku wa kienyeji anafahamu jambo hili. Mtetea akianza kutaga hatagi pale ulipomtengenezea. Unamwekea tenga lenye majani makavu, yeye analitazama kwa dharau, anapita zake. Anakwenda nyuma ya kihenge, au katikati ya migomba, au katika majani marefu ya kiwanja cha jirani ambaye hajajenga. Asubuhi unasikia kuku anatetea kwa kelele. Mama anaita, "Hebu mfuatilie yule kuku uone anatagia wapi!" Na mtoto wa miaka saba huanza kazi ambayo polisi mpelelezi angeionea wivu. Hamfukuzi kuku. Anajifanya anacheza na jiwe. Kuku akisimama, naye anasimama. Kuku akigeuza shingo, mtoto anatazama mawingu. Baada ya nusu saa anarudi, magoti yamejaa tope na usowangi umeshika nguo yake, na mkononi ana mayai matano yenye joto. Moja ameliacha kiotani kwa akili, ili kuku asishtuke akahama.

Sasa tuulize: mayai hayo matano yanakwenda wapi?

Mawili yanawekwa yaatamiwe. Mawili yanauzwa dukani kwa ajili ya chumvi, sabuni na daftari. Moja linatunzwa, huenda akaja mgeni. Mgeni akija hukaangiwa yai hilo, na mtoto aliyelitafuta husimama mlangoni akinusa. Kuku mwenyewe akichinjwa, firigisi ni ya baba. Mtoto hupata shingo na mguu, na ushauri kwamba akikua naye atakula firigisi.

Tena si suala la uchache tu. Katika makabila mengi ya nchi yetu mtoto alikatazwa mayai waziwazi. Aliambiwa akila yai atakuwa mwizi. Mama mjamzito naye alikatazwa, akaambiwa atapata shida wakati wa kujifungua. Sipendi kuwacheka wazee kwa makatazo hayo, maana walikuwa na hesabu yao. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama kumi hadi kumi na tano kwa mtago mmoja, kisha huatamia siku ishirini na moja, kisha hulea vifaranga. Kwa mwaka atafanya hivyo labda mara tatu. Hapo katikati kuna mwewe, kuna kicheche, na kuna kideri kinachoweza kufagia banda zima kwa juma moja. Kila yai lilikuwa kuku wa kesho, na kuku wa kesho alikuwa mbuzi wa keshokutwa. Mtoto akizoea utamu wa yai atakimaliza kiota kabla ya kuku kuatamia. Mlinzi wa kiota alikuwa neno hilo moja: mwizi.

Lakini hesabu ile ilikuwa ya zama zile. Leo chanjo ya kideri ipo, na mfugaji hata wa kuku watano anaweza kuipata. Leo mjini kuna mayai ya kuku wa kisasa, yanauzwa kwa trei ya mayai thelathini na hata moja moja dukani. Na pesa tunayomnunulia mtoto soda ya Pasaka haipungui bei ya yai. Soda ile ni maji na sukari. Mtoto hupiga mbweu, akafurahi, na kwisha.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu mkoa wetu wa Ruvuma una aibu moja ambayo hatupendi kuisema hadharani. Sisi ni mmoja wa ile mikoa minne ya kusini iliyosifiwa tangu zamani kwa kulisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Mahindi yetu yanapakiwa kwenye malori yakashibisha watu wa mbali. Hata hivyo uchunguzi wa afya ya jamii wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto wanne kati ya kila kumi wenye umri chini ya miaka mitano katika mkoa huu walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu. Hata hivyo bado ilikuwa zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila watatu, wakati kwa nchi nzima ilikuwa watoto thelathini kati ya mia.

Kudumaa, ndugu wasikilizaji, si kuzaliwa mfupi kwa asili ya ukoo. Ni mtoto kukosa kwa muda mrefu chakula kinachojenga mwili, au kuugua mara kwa mara, hata asifikie kimo cha umri wake. Na si kimo peke yake kinachopungua. Akili pia hukosa vifaa vya kujijengea, na hasara kubwa hutokea tangu mimba hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Mtoto wa namna hiyo unaweza kumkuta tumbo limejaa. Amekula uji wa mahindi asubuhi, ugali mchana na ugali jioni. Ameshiba, lakini hakulishwa.

Hapo ndipo yai linapopata heshima yake. Ndani ya ile nyumba isiyo na mlango kuna kila kitu cha kumjenga kifaranga mzima, mifupa, macho na manyoya, bila kuongezewa chochote isipokuwa joto la mama. Yai moja lina kiasi cha gramu sita za protini, pamoja na mafuta na vitamini ambavyo uji mtupu hauna.

Sitaki nionekane nauza dawa ya muujiza, kwa hiyo nitawaeleza pande zote mbili. Katika nchi ya Ekwado, Amerika ya Kusini, watafiti waliwapa watoto wa miezi sita hadi tisa yai moja kila siku kwa miezi sita. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kudumaa kulipungua karibu kwa nusu, wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Utafiti wa namna hiyo ukafanywa kwa majirani zetu wa Malawi, katika wilaya ya Mangochi, upande wa kusini wa ziwa letu la Nyasa. Huko, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya kimo kwa watoto wote kwa jumla. Wengi wao walikuwa tayari wanakula samaki wa ziwani. Nami naona funzo hapo. Yai haliongezi sana pale ambapo samaki wapo. Lakini pale ambapo sahani ina ugali na majani tu, sahani hiyo inalililia yai, au dagaa, au maharage, au karanga. Mama wa Mbamba Bay ana ziwa mlangoni. Mama wa Lizaboni au Msamala ana kuku.

Najua mama mmoja anayenisikiliza sasa hivi anasema, "Huyu bwana haelewi. Mayai ndiyo sabuni yangu." Dada yangu, naelewa. Sisemi mayai yote yaliwe, maana nyumba haiendeshwi kwa kula mbegu. Nasema katika kila mayai matano, moja lisiende dukani wala lisimngoje mgeni. Liwe la mtoto, na aliyenyonya kwa miezi sita na kuanza chakula awe wa kwanza, lichemshwe likaive sawasawa, lipondwe katika uji wake. Na kama mna mjamzito nyumbani, naye apewe lake. Mgeni akija, atakula tulichonacho. Mgeni mwema hatanuna kwa kukosa chakula cha mtoto.

Mwaka jana familia moja ya mtaani kwetu, Mfaranyaki, iliamua kuwafichia watoto mayai siku ya Pasaka. Nilialikwa kuwa mwamuzi, kwa sababu ya mvi zangu. Watoto walikuwa sita, na mayai yaliyochemshwa yalikuwa sita. Kelele zilikuwa za kutosha mtaa mzima. Binti mmoja wa miaka minane alilikuta lake ndani ya kinu. Wenzake walikuwa wameanza kumenya na kuchovya katika chumvi. Yeye alilifuta kwa upindo wa gauni, akalipeleka kwa mama yake kwa mikono miwili, akauliza, "Mama, hili ni la kuuza au la kuatamiwa?"

Watu wazima wote tulinyamaza. Yai lilikwisha chemshwa, na mtoto alilijua hilo, lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuokota yai likawa lake. Mama yake alimtazama kwa muda, kisha akasema, "Hili ni lako, mwanangu. Wewe ndiwe uliyeliona."

Neno hilo la mama yule naliomba liwe sheria ya nyumba zetu Pasaka hii. Aliyeliona, alile.

Sasa namna ya kufanya. Hakuna haja ya kununua mayai ya chokoleti kutoka ng'ambo wala rangi za dukani. Kusanyeni maganda makavu ya vitunguu tangu leo. Yachemsheni pamoja na mayai, nayo yatatoka na rangi ya udongo mwekundu, kama barabara ya Matogoro baada ya mvua. Ukitaka njano, tumia manjano ya kupikia. Mtoto mkubwa anaweza kuchora juu ya yai lililochemshwa kwa kipande cha mshumaa, kisha akalitumbukiza katika rangi iliyopoa. Pale penye nta rangi haitashika, na mchoro wake utatokea. Kabla ya kuchemsha, wafundisheni watoto kulitambua yai viza. Liwekwe katika bakuli la maji. Likilala chini ni jipya, likielea litupwe. Hilo ni somo la sayansi ambalo hawatalisahau, nalo halina ada.

Mvua ikiwa inanyesha, ficheni ndani ya nyumba. Vitendawili na methali ndivyo viwe ramani. Mwambie mtoto, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," naye atajua aangalie chini ya kitanda. Mwambie yai limejificha pale mchi unapogonga bila kubisha hodi, atakwenda kwenye kinu. Kama bibi yupo, yeye ndiye atege, maana ana vitendawili vingi kuliko sisi sote. Kila mtoto awe na yai la rangi yake, ili wakubwa wasiwamalizie wadogo. Na baba, nakuomba salamu zako zianze saa nane mchana. Asubuhi hiyo iwe yako na wanao. Mtoto husahau upesi bei ya viatu ulivyomnunulia, lakini siku uliyotambaa naye chini ya meza kutafuta yai ataikumbuka hadi naye apate mvi.

Wasisahauliwe watoto wa jirani. Katika mitaa yetu Mkristo na Mwislamu hupakana ukuta na huazimana chumvi. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, mfululizo. Mtoto wa jirani aliyefunga anaweza kuwekewa yai lake hadi magharibi, akafuturu nalo. Pikeni moja au mawili ya ziada. Mtoto anayesimama uzioni akitazama wenzake wanakula, huyo naye ni mgeni wa Pasaka.

Na Pasaka ikipita, mchezo uishe lakini sheria ibaki. Juma linalofuata kuku ataanza tena kutetea huko vichakani, na mtoto ataitwa tena amfuatilie. Akirudi na mayai matano, mpokee, mshukuru, kisha mrudishie moja mkononi.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini wenye nyumba watanishukuru. Andikeni mahali mlipoficha kila yai, na jioni yahesabiwe. Yai lililosahauliwa ndani ya kiatu cha baba halitajificha milele. Baada ya juma moja litajitangaza lenyewe, bila redio.

Nawatakia Pasaka njema. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.